Jino la Kupimia Mpira

Mume wangu jina analo, lipo kwenye kitambulisho, lakini mtaani watu walishalisahau. Wote wanamwita Nani Kakutuma, kwa sababu ndilo neno la kwanza analomwambia kila anayeingia dukani kwetu. Wewe unapiga hodi, yeye anakuuliza nani kakutuma. Siku alipokuja kwetu kuniposa, baba yangu mzazi alitoka kumpokea mlangoni, naye kwa mazoea akamuuliza, "Nani kakutuma?" Mlangoni kwake mwenyewe jamani! Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi ningejifunza siku ile, lakini nani hujifunza siku ya posa?

Kazi yake ni mipira. Si ya kuchezea, tafadhali. Anatengeneza mipira inayozunguka milango na vioo vya magari ya zamani, na bushi zinazokaa kati ya vyuma visigongane, na vile vifuniko vya pedeli ambavyo mguu huvila taratibu. Magari yenyewe ni yale ambayo wenyewe hawayaendei kazini; wanayafunika kwa shuka, wanayatoa Jumapili, wanayapangusa kuliko wanavyopangusa watoto wao. Viwanda vilivyoyaunda vilishaacha kuyatengenezea vipuri, na vingine vilifungwa kabisa. Sasa gari linaweza kuwa na injini nzima na rangi inang'aa, lakini mpira wa mlango ukikauka ukapasuka, maji yanaingia, kutu inaanzia sakafuni, na gari linaoza huku mwenyewe analisifia. Hapo ndipo watu hututafuta.

Duka lina vyumba viwili. Cha mbele ni changu: kaunta, kiti, feni inayozunguka ikijisikia, na nyaya zilizotandazwa juu kutoka ukuta hadi ukuta, zinazoning'iniza mipira ya zamani. Maana Nani Kakutuma ana sharti lake: hupati kipya mpaka ulete kile kilichokufa. Anasema mwizi wa maumbo hana gari, na asiye na gari hana mpira mbovu. Basi mipira mibovu yote inabaki kwetu, na mimi nakaa chini yake mwaka mzima kama muuza nyoka.

Cha nyuma ni chake. Kina mlango wa chuma na kufuli, na ufunguo ameufunga kiunoni kwa uzi. Anaoga nao, analala nao. Humo ndimo zilimo kalibu za chuma zinazoupa mpira umbo, na humo ndimo anamochanganya mpira mbichi na masizi na salfa kwa vipimo ambavyo hakuwahi kumwambia mtu. Nimemzalia watoto, nimemuuguza, nimemfukia mama yake kwa mikono hii, lakini chumba kile nilikuwa sijawahi kukikanyaga. Nilimuuliza mara moja tu, enzi za ujana.

"Si kwamba nakushuku, mke wangu," alinijibu. "Ila ukiulizwa, wewe hujui kudanganya."

Nikashindwa kujua ni sifa au ni tusi. Mpaka leo sijajua.

Kitu kimoja tu cha siri yake nilikiona, kwa sababu alikifanyia chumba cha mbele, penye mwanga. Kabla ya kupika mipira ya mteja, hupika kwanza kipande kidogo cha kuonjea. Anakuja nacho mbele kingali na joto, anakitia kwenye magego, anafumba macho, anauma. Aliniambia siku moja akiwa na furaha, na furaha yake ni adimu, kwamba mpira mbichi unalipokea jino na kubaki nalo, uliopitiliza unalikataa jino, na ulioiva unalipokea kisha unalirudisha. Kuna chombo cha kupimia ugumu, Mwenyekiti wa chama cha magari ya kale alimletea kama zawadi. Alikizungusha mkononi, akasema nani ajuaye kimewekwa nini ndani, akakitupia kwenye boksi. Baadaye nilikijaribu kwa siri. Kinapima ngozi ya juu tu, na mpira wetu mnene huwahi kuiva nje kabla ya ndani.

Mwaka jana magego yakamwisha. Lililobaki lilimtesa mpaka akakubali kwenda kwa daktari wa meno, na huko alitaka kwanza aoneshwe vyeti. Likang'olewa, akapimwa meno ya bandia. Si unajua wanavyopima? Wanakujaza unga uliokandwa mdomoni, unauma, wanapata umbo la kinywa chako. Mume wangu akatoa macho.

"Hii kalibu ya mdomo wangu," akamwambia daktari, "mtaipeleka wapi?"

"Tunaitunza hapa, mzee."

"Inatunzwa na nani?"

Siku tulipoyafuata meno, hatukuondoka pale mpaka alipopewa ile kalibu ya plasta na kuifunga kwenye kitambaa. Nilitembea mbele yake hatua kadhaa, watu wasijue tuko pamoja. Daktari alituita turudi, akasema meno bado yanacheza kidogo, maana ufizi umelegea, tuvumilie. Nani Kakutuma hakusikia. Alikuwa anahesabu watu waliotuona.

Haukupita muda, balaa likaanza. Mwenyekiti mwenyewe aliingia na kipande cha mpira wa mlango kwenye mfuko wa plastiki. Ni mtu mpole, mnene, anatuletea kazi tangu duka halijawa na feni.

"Shemeji," akaniambia kwa huzuni, "nimefungua mlango wa gari langu juani, mpira umetoka na rangi. Ulinata kama plasta kwenye kidonda."

Nikamwita mume wangu. Akauchukua, akaupekua ndani kutafuta alama yake, kijikato kidogo anachokificha upande usioonekana. Kijikato kilikuwepo. Akauminya, ukaacha dole gumba lake limezama.

"Alama ni yangu," akasema. "Mpira si wangu."

Baada ya Mwenyekiti akaja mwingine, na mwingine. Bushi zilizolegea mpaka gari linayumba kwenye kona. Mpira wa kioo cha mbele uliomwagika pembeni. Wote walikuja kwa upole, na mume wangu akawapokea wote kama mashahidi wa upande wa pili. Aliyemshuku ni mmoja tu: binti wa Mwenyekiti. Msichana yule mhandisi alikuwa amekuja muda mfupi kabla na kamashine ka ukubwa wa pasi, kanakomulika kitu kwa mwanga na kuchora umbo lake kwenye kompyuta. Aliomba kwa heshima zote amulike zile kalibu, ili zikiharibika siku moja umbo lisipotee. Nani Kakutuma alimtoa mbio kwa maswali yake.

"Alikuja na taa yake," sasa aliniambia, "na baada ya hapo mpira ukaharibika. Wewe huoni?"

"Naona," nikasema. Sikuona kitu, ila nilichoka.

Akaanza kulinda. Akanyunyiza unga sakafuni nyuma ya mlango wa chuma ili aone nyayo. Akafunga mifuko ya salfa kwa nyuzi za rangi anazozijua yeye. Muuza salfa alipokuja, alimlazimisha ailambe kwanza. Asubuhi anakagua unga, hauna nyayo ila zake, na badala ya kutulia anazidi kuogopa: huyu mwizi hata hakanyagi!

Siku moja Mwenyekiti akaja na bintiye. Mume wangu aligoma kukaa. Mwenyekiti akasema chama kinakutana mwisho wa mwezi, na wanachama wamechoka. Wanataka maumbo yamulikwe kwenye mipira ya zamani iliyobaki, yapelekwe kiwanda cha mbali, basi.

"Na kiwanda kitatengeneza yote?" niliuliza.

Binti hakunificha. "Hapana, mama. Hawawashi mashine kwa ajili ya milango michache. Yale ya aina iliyobakiza magari mengi yatapata. Ya aina iliyobakiza mawili matatu, hayatapata."

"Kwa hiyo hayo yatakufa."

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana tulianzia hapa."

Mwenyekiti akamgeukia mume wangu. "Nitengenezee mipira ya milango minne ya gari langu, mara ya mwisho. Ikifunga, isinate, nitakutetea mbele ya wote. Ikinata, rafiki yangu, sitakuwa na mdomo wa kusemea. Na kama kuna mtu unaweza kumwachia siri hiyo, mwachie. Mficha uchi hazai."

"Nani kakutuma?" akajibu Nani Kakutuma.

Mwenyekiti akachukua kofia yake akatoka. Nilitamani kaunta ifunguke inimeze. Kama duka lile likifungwa, mume wangu atafanya nini? Hana rafiki, hana mchezo, hana hata kiti anachokipenda. Atakaa nyumbani anishuku mimi kutwa.

Hakusubiri duka lifungwe. Kesho yake nilikuta kufuli jipya kwenye mlango wa chuma. La zamani ufunguo wake sikuwahi hata kuugusa, sasa la nini jipya? Nikamuuliza. Hakunitazama usoni.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema.

Ee! Nguoni mwake kuna nani kama si mimi? Damu ilichemka. Nilimwambia mambo ambayo sitayarudia hapa, nikamalizia, "Akufukuzaye hakwambii toka. Nimeelewa. Fanya kazi yako, mimi mwisho wa mwezi nakwenda kwa dada yangu." Na nilikuwa nasema kweli. Iliniuma. Mtu anaweza kukushuku miaka yote kwa mdomo ukacheka, lakini akinunua kufuli, hapo kakushuku kwa moyo.

Jumapili ile nilipika kwa hasira. Viazi nilivitoa jikoni kabla ya wakati, nikavibwaga mezani, tukaanza kula. Nilipouma kimoja, kikalia kachu. Ndani kilikuwa kibichi kabisa. Nikasubiri. Huyu ni mwanamume ambaye hajawahi kukiacha chakula changu kipite bila hukumu: chumvi imezidi, maharage yamevunda, kitunguu kimekatwa na kisu kisichooshwa. Akala cha kwanza, akala cha pili, akasukuma sahani.

"Leo viazi vimeiva vizuri," akasema.

Nilibaki na kijiko hewani. Alipokwenda kulala mchana, nilikwenda kwenye bilauri anamowekea meno yake. Nikayatoa, nikayakalisha kwenye kiganja changu, pale penye nyama chini ya dole gumba, nikayabonyeza. Yakazama, yakarudi. Nikabonyeza tena. Yakazama kwa ulaini, yakarudi. Mungu wangu, nikasema, kumbe mwizi tunamlaza kwenye maji kila siku!

Nilikwenda dukani peke yangu. Nikaushusha kwenye waya mpira mmoja wa kazi yake ya zamani, uliorudi kwa kuchakaa tu, nikaupangusa, nikauuma kwa gego. Ukalipokea jino, ukalirudisha. Kisha nikauma ule wa Mwenyekiti. Jino likazama likabaki humo, na ulimi ukajaa ukali wa salfa. Ulikuwa mbichi kama viazi vyangu.

Alipofika, nilikuwa nimevipanga vipande vitatu kwenye kaunta, nimevifunika kitambaa: ule mzuri, ule mbaya, na kipande cha kandambili yangu iliyokatika.

"Fumba macho uume," nikamwambia.

Akarudi nyuma. "Nani kakutuma?"

Miaka yote ile, mimi mkewe! "Viazi vimenituma," nikasema. "Fumba macho, baba watoto, au naenda kwa dada leo leo."

Akafumba. Akauma cha kwanza, akakubali kwa kichwa: kimeiva. Akauma cha pili: kimeiva. Akauma kandambili.

"Hiki ndicho kizuri kuliko vyote," akasema. "Hiki ni cha zamani zangu."

Akafumbua macho akaiona kandambili, na ukanda wake wa buluu ungali umening'inia. Ningeweza kucheka. Siku nyingine yoyote ningecheka mpaka jirani aje. Lakini uso wake ulishuka, nami nikamwonea huruma.

"Kinachonesa si mpira," nikamwambia polepole. "Ni ufizi wako. Meno yanabonyea, yanarudi, wewe unadhani ni mpira unaorudisha. Unautoa ungali mbichi. Hakuna aliyekuibia."

Alikaa kwenye kiti changu. Akatazama mlango wa barabarani, akatazama mipira juu ya kichwa chake, kama anayetafuta mtu wa kumshuku aliyebaki. Nadhani ingekuwa rahisi kwake kama angekuwepo mwizi. Mwizi anakamatwa.

"Basi nimekwisha," akasema.

"Mimi nina meno," nikasema.

Alikaa vile mpaka mteja mmoja akaingia na kutoka bila kuulizwa chochote. Kisha akashika kiuno, akahangaika na fundo la uzi, likamshinda. Nikainama nikalifungua kwa meno yangu.

Niliingia chumbani mle kwa mara ya kwanza na mvi zangu. Nilitarajia nini, sijui, dhahabu pengine. Kulikuwa na mashine ya kukandamiza imejaa mafuta, mizani, ndoo, unga wa mtego sakafuni, na harufu ileile anayokuja nayo kitandani. Kalibu zilikuwa rafuni, kila moja imeviringishwa nguo isipate kutu, na nguo zilikuwa zangu. Gauni langu la kijani lilikuwepo, lile nililomshuku dada yangu kaliiba, tukanuniana naye mpaka mtoto wake akaoa. Na mwisho wa rafu, imekaa kwa heshima kati ya mlango wa gari hili na kioo cha gari lile, ilikuwepo kalibu ya mdomo wa mume wangu.

"Usicheke," akasema.

"Sicheki," nikasema, na gauni langu mkononi.

Akachanganya mbele yangu. Akanitajia vipimo kwa sauti ya chini, akitazama dirisha. Akapika kipande cha kuonjea, akakipoza kwenye maji, akanipa.

"Uma."

Nikauma. "Bado."

"Una hakika?"

"Bado, nakwambia."

Nikaona swali lake linampanda mdomoni, nikaona analimeza kama dawa. Akaongeza muda, akapika kingine. Nikauma: bado kidogo, katikati. Akapika kingine. Hiki kililipokea jino langu, kikatulia kidogo, kisha kikalisukuma nje taratibu, na salfa haikubaki ulimini. Alikuwa ananitazama mdomo kama mshtakiwa anavyomtazama hakimu.

"Kimeiva," nikasema.

Hakukionja. Alikitazama tu, akanitazama, akageuka akaijaza mpira kalibu ya mlango wa Mwenyekiti.

Gari la Mwenyekiti lilisimamishwa juani siku nzima nje ya duka letu. Jioni akafungua mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, akaifunga mmoja mmoja. Ikafunga kwa ule mlio mzito wa kabati la zamani, na rangi ikabaki mahali pake. Akatutetea chamani kama alivyoahidi. Hata hivyo sitakudanganya kwamba mambo yalirudi yalivyokuwa. Wenye magari yaliyobaki mengi walikwenda kiwandani, kipuri kinawajia na boksi lake. Sisi tumebakiwa na magari yasiyo na ndugu, yale ya mawili matatu, ambayo yasipopata mpira kwetu hayana pengine pa kwenda. Kazi ni ndogo, ila ipo. Ufunguo siku hizi unakaa kwenye msumari nyuma ya kaunta, na kwa dada sikwenda, ila kumwomba radhi ya gauni.

Tatizo ni kwamba gego langu la kushoto limeanza kucheza. Sikumwambia mtu. Nikawa natafunia kulia, naonjea mpira kulia, na mtu akinitazama mdomo namkata jicho: anatafuta nini huyu? Nilianza kumshuku hata jirani aliyenisifu tabasamu. Kumbe ndivyo mwenzangu alivyoishi maisha yake yote, nikawaza, kazi kweli kweli. Lakini utamficha nani, nyumbani kwa Nani Kakutuma?

"Unatafunia upande mmoja," aliniambia mezani. "Tangu lini?"

Nikamweleza. Nikangoja aniambie ningefanya hivi, ningefanya vile, niliuma kitu gani, nani alinipa. Hakusema hata moja. Alisogeza sahani, akatazama kule dukani kama vile anaona mlango wa chuma kupitia ukutani.

"Mwite yule binti wa Mwenyekiti," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Na mashine yake?"

"Mashine aiache garini," akasema. "Aje na meno yake."